Mpishi Asiyetujua

Jumamosi, mwezi wa sita, mwaka wa uchaguzi. Mvua asubuhi, jua la kuigiza mchana, na sasa baridi ile ya Eldoret inayoingia kupitia soksi.

Kwa wote wanaohusika, na hata wasiohusika: kuanzia leo mimi, Mama Wambui wa mtaa wa Langas, fundi wa kushona na mwandishi wa shajara hii ambayo hakuna mtu aliyeiomba, nimejiondoa rasmi katika unywaji wa lassi ya embe. Uamuzi huu nimeufikia nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mrengo wowote wa siasa. Nawasihi wananchi wadumishe utulivu.

Kwa asiyeijua, lassi ni maziwa lala yaliyosagwa na embe na sukari, yakatiwa kwenye glasi ndefu na kuvishwa jani la minti kama kofia ya Jumapili. Ni tamu sana. Shida yangu si utamu, na nitaifikia nikishapata joto vidoleni.

Leo ilikuwa siku ya chama. Chama chetu ni wanawake wanne, mabaki ya kundi lililowahi kujaza sebule na kumwagika hadi nje. Mwenyekiti ni Mwalimu Rosa, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hadi leo akikuuliza habari unajikuta unatafuta mahali pa kusimama wima. Yeye ni Mluhya, kwa hiyo mezani petu anahesabiwa kama jeshi la kulinda amani. Njoki anauza mitumba, ni jirani yangu wa nyuma, na ni Mkikuyu kama mimi. Mama Chebet ni Mnandi, anafuga ng'ombe wa maziwa upande wa Kipkenyo. Zamani shamba lake na uwanja wangu vilitenganishwa na ua wa miiba tu, wenye tundu ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliziba.

Kila mwezi tunakula chakula cha mchana pamoja. Na kila mwezi tunakula mahali pamoja: ile hoteli ya Kihindi mjini, ya ghorofani, yenye mlango wa mbao uliochongwa na taa za shaba zinazomulika watu kana kwamba wote wana pesa.

Mtu akituona tukipanda zile ngazi atadhani tumefaulu maishani. Hatujafaulu. Kila mmoja hujilipia, na Njoki hushinda mwezi mzima akilalamika. Tunakula pale kwa sababu moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka, na nitaiandika hapa kwa kuwa shajara haina majirani.

Tunakula pale kwa sababu mpishi hatujui.

Mpishi asiyejua jina la baba yako hana sababu ya kukutilia kitu.

Katika mji huu hata hoteli zina makabila. Ile ya nyama choma karibu na stendi ni ya watu wangu na Njoki. Ile yenye mursik, maziwa lala ya kibuyuni, na ugali wa wimbi ni ya watu wa Mama Chebet. Hazina kibao kinachosema hivyo, wala hakihitajiki, miguu inajua yenyewe pa kugeukia. Mwenye hii ya ghorofani ni Mhindi aliyezaliwa Eldoret, na baba yake alizaliwa Eldoret pia, lakini hakuna anayemhesabu upande wowote. Amekaa hapa kuliko wengi wetu na bado ni mgeni wa kila mtu. Naye anajua hivyo. Mwaka wa uchaguzi meza zake hazikosi watu.

Huduma yao ni ya kukutia aibu. Weita wetu anaitwa Dennis, kijana wa kizibao cheusi, na kazi yake ya kwanza ni kukuvutia kiti na kukusukumia nyuma ya magoti. Mara ya kwanza alipomfanyia Mama Chebet hivyo, mama aligeuka na mkoba juu, tayari kwa vita. Siku hizi anakaa bila kuangalia nyuma, kama mke wa gavana. Kitambaa cha mapajani hukunjwa kikawa kama ndege. Njoki hukikunjua polepole, mbawa kwanza, kama anayemnyonyoa. Menyu ina uzito wa Biblia ya madhabahuni, na Mwalimu huisoma yote, kila mwezi, kwa miwani, kisha anaagiza kile kile alichoagiza mwezi uliopita.

Chakula ni kizuri, na nikisema vinginevyo nitakuwa nadanganya. Wanaanza na papadi, nyepesi kama ahadi, inavunjika ukiiangalia vibaya. Halafu naan, yule ndugu tajiri wa chapati aliyefura upande mmoja. Kuku wao hutoka jikoni mwekundu kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe. Kuna paneer, jibini inayojifanya nyama, na kusema kweli inajifanya vizuri. Na kuna dengu nyeusi, zilizopikwa polepole na siagi, zinaletwa katika kindoo kidogo cha shaba na zina jina refu la kifalme.

Dengu. Tulipokuwa wakimbizi pale Showground, uwanja wa maonyesho, tulikula dengu za msaada mpaka harufu yake ikatuingia kwenye blanketi. Nilimwapia Mungu sitazigusa tena. Kumbe nilikuwa nangoja zivishwe shaba.

Sasa nieleze chama, maana bila chama hakuna kitakachoeleweka.

Kilianza kabla ya ile fujo ya uchaguzi iliyowapiganisha watu wangu na watu wa Mama Chebet, na kazi yake ilikuwa vyombo vya jikoni. Kila mwezi tulienda kwa mwanachama mmoja. Yeye alipika, sisi tulimletea chombo tulichochangia: sufuria, thamosi, seti ya sahani, karai la kukaangia. Mwalimu alikuwa na sheria yake, na sheria za Mwalimu hazipigiwi kura. Chombo kipya lazima kipikiwe siku ile ile, mbele ya waliokileta, na wote wale kutoka humo. Alisema chombo ambacho hakijalisha watu waliokinunua ni pambo la kabati, na yeye hakuzaliwa kununulia watu mapambo. Kwa hiyo kila jiko Langas lilikuwa na sufuria ambayo mimi nilikuwa nimekula ndani yake siku ya kwanza ya maisha yake. Nilijisikia kama mkunga.

Halafu ukaja ule mwezi wa kwanza. Nyumba yangu ilichomwa pamoja na zingine nyingi. Sufuria za alumini haziungui, zinayeyuka. Niliporudi baada ya miezi ya hema nilikuta sakafuni madoa yanayong'aa, kama mtu aliyemwaga maji na maji yakakataa kukauka. Ile pale ilikuwa sufuria aliyoichagua Mwalimu, ile ya Njoki, ile kubwa karibu na mlango ilikuwa ya Mama Chebet.

Nani alichoma? Sijui. Siku hizi nasema sijui kwa wepesi kabisa, kama mtu anayeulizwa kama anajua Kijapani.

Lakini jambo moja nalijua, kwa sababu Njoki aliliona kwa macho yake. Wiki za mwanzo, tukiwa Showground, Mama Chebet alikuja mpaka langoni na mtungi wa maziwa. Alikuja kwa miguu, wakati ambao mtu wa kwao kuonekana pale ilikuwa hatari kwa pande zote mbili. Alisema anamtafuta Mama Wambui, ana maziwa ya watoto wake. Wakati huo simu zilikuwa zimejaa ujumbe kwamba maziwa ya wale watu yametiwa sumu. Vijana wetu waliokuwa langoni walimpokonya mtungi, wakaumwaga chini mbele yake, wakamrudishia ukiwa mtupu. Alishukuru. Njoki anasema alishukuru kabisa, akageuka akaenda.

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya blanketi upande wa pili. Niliambiwa siku nyingi baadaye.

Mama Chebet hajawahi kulitaja. Nami sijawahi kumwambia kwamba najua. Tumekula pamoja miaka hii yote na huo mtungi umekaa katikati ya meza, na Dennis anapanga vindoo vyake vya shaba kuuzunguka.

Chama kilipofufuka, jambo la kwanza walilonifanyia ni kuninunulia sufuria. Kubwa, ya kupikia watu wengi, yenye mfuniko mzito. Mama Chebet mwenyewe ndiye aliyeichagua. Lakini walinikabidhi hotelini, ghorofani, ikiwa imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Hakuna aliyetaja sheria. Hata aliyeitunga alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Ile sufuria iko juu ya kabati langu. Stika ya dukani bado imebandikwa kitakoni.

Basi leo. Leo ilikuwa zamu yangu, ingawa siku hizi zamu maana yake ni wewe ndiye unayemwita weita. Nilikuwa na mpango. Nyumba yangu sasa ni ya mawe, sebule nimeipaka rangi mwenyewe, mapazia nimeshona kwa kitambaa ambacho mteja alikikataa. Nimefanya mazoezi ya maneno mbele ya cherehani tangu Jumatatu. Nilitaka wale kwangu mwezi ujao, kabla ya kura. Baada ya kura kupatana ni rahisi, kila mtu amechoka na anahesabu vilivyobaki. Ni kabla ndipo pana kazi.

Na zaidi ya wote nilimtaka mmoja. Hao wengine wakija ni vizuri. Mama Chebet akila kwangu, nitajua kwamba ule moto una mwisho.

Nikaagiza lassi ili kulainisha koo. Mama Chebet naye huiagiza wakati mwingine, kwa sababu za utafiti. Yeye ndiye fundi wa maziwa kati yetu, na mursik yake ilikuwa ikipelekwa harusini mpaka Soy. Alipoonja lassi mara ya kwanza aliishika mdomoni kwa muda mrefu, akameza, akatoa hukumu:

"Hii maziwa imelelewa vibaya."

Leo hakuagiza. Alikaa mkabala nami, mikono juu ya kitambaa cheupe, akaniangalia nikinywa. Nilihisi kuna kitu, nikainua macho. Hakuwa ananiangalia usoni. Alikuwa anaangalia koo langu, namna linavyopanda na kushuka.

"Hiyo unakunywa," akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeona mvua dirishani na kusema inanyesha. Halafu akamgeukia Mwalimu akamuuliza habari za magoti yake.

Niliiweka glasi chini, karibu na ule mtungi usiotajwa. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, na ndiyo nusu ya mwisho nitakayoiacha, kwa sababu sitaagiza nyingine. Hiyo ndiyo habari ya lassi. Niliahidi nitaifikia.

Ningekuwa na akili ningenyamaza hapo, nile kuku, niende nyumbani. Lakini maneno yaliyofanyiwa mazoezi ni kama ng'ombe wanaorudi jioni, huwezi kuwasimamisha njiani. Papadi zilipoondolewa nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyopanga:

"Mwezi ujao tukule kwangu. Nitapika mimi. Ile sufuria iko na stika mpaka wa leo, na sheria ya Mwalimu tunaijua."

Meza ya jirani mtu alikuwa anasimulia habari ya trekta, na tuliisikia yote.

Njoki ndiye aliyeanza, damu yangu, mtu wa kwetu. "Wewe Mama Wambui, na hii matope yote, nani atafika kwako?"

"Njoki, wewe unaishi nyuma yangu."

"Ndio maana najua hiyo matope."

Mwalimu Rosa akavua miwani, akaifuta. "Wazo ni zuri. Zuri sana. Ningependekeza tulipeleke kwa kamati."

"Kamati gani, Mwalimu? Sisi wote ndio hawa."

"Basi kamati imesikia," akasema Mwalimu, akairudisha miwani.

Wakati huo Dennis akatokea. Nimechunguza kwa miaka: weita wa hoteli kubwa hufunzwa kunusa wakati watu wanakaribia kusema ukweli, ndipo aje. Akainama, mikono nyuma.

"Kila kitu kiko sawa, mama zangu?"

"Kiko sawa," tukasema wote, kwa sauti moja, kama kwaya.

Ni swali ambalo hakuna chifu, mchungaji wala tume iliyowahi kutuuliza tukiwa wote wanne mezani. Tuliulizwa na kijana wa kizibao, na tukamdanganya kwa pamoja. Labda huo nao ni umoja.

Kuku wakaja. Mama Chebet alichana naan yake vipande vidogo vidogo na hakula hata kimoja. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Mama Wambui, mimi nakujua. Wewe huwezi kuniwekea kitu."

"Basi kuja."

"Ngoja nimalize. Unajua hii vidonda vya tumbo yangu. Inaamka yenyewe, haiulizi mtu ruhusa. Sasa nikule kwako, nirudi, halafu iamke. Vijana wangu watasema nini? Watasema ni vidonda? Mwaka huu?"

Alisogeza vipande vyake vya naan pembeni mwa sahani.

"Mimi siogopi chakula yako," akasema. "Naogopa tumbo yangu. Nikiugua hapa, ni mimi nimeugua. Nikiugua kwako, ni wewe utahama."

Njoki aliinamia sahani. Mwalimu akasema "Haya," polepole, kama mtu anayefunga rejista.

Nilitafuta hasira. Nilijua ninayo, nimeitunza miaka, iko mahali. Lakini hasira inataka mtu wa kuipokea, na mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke anayenikataa kwa sababu hataki nichomewe nyumba mara ya pili. Angenikataa kwa chuki ningejua la kufanya. Chuki ina majibu, tunayajua wote, hata watoto wanayajua. Sasa hii nitaijibu na nini?

Na kibaya zaidi, ana haki. Nilipiga hesabu pale pale, nikichezea uma: nani angeamini vidonda vya tumbo? Mimi nisingeamini, kama ingekuwa ni Njoki ameugua akitoka Kipkenyo. Ningesema ni vidonda, mdomoni. Halafu ningefunga komeo mbili.

Kwa hiyo nikafanya anachofanya mtu aliyeshindwa mbele ya chakula kizuri. Nikachukua paneer.

Mwalimu Rosa ndiye aliyetuokoa, kama ni kuokoa. Aligonga glasi kwa kijiko. "Hoja nimeipata. Tunaenda kwa Mama Wambui, kama alivyosema. Lakini chakula kinatoka hapa. Nyumba yake, jikoni lao. Mama Chebet?"

Mama Chebet akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Chakula ya hapa, kwa Mama Wambui?"

"Ndiyo."

"Hiyo nitakula. Hata mbele ya watu nitakula. Na risiti nitaweka kwa mkoba." Akapapasa mkoba wake kana kwamba risiti tayari imo. "Mtu akiuliza, namwonyesha: si huyu, ni Mhindi."

Njoki akacheka mpaka akakohoa. Dennis akaitwa, akaulizwa kama wao hupeleka chakula majumbani.

"Tunapeleka, mama. Mnapiga simu tu, rider anawaletea kikiwa moto."

"Na matope?" Njoki akauliza.

"Rider ako na gumboots, mama."

"Haya, basi hata mimi nitakuja," akasema Njoki, ambaye kutoka mlango wake hadi wangu anaweza kuja na kandambili.

Wakafurahi. Lazima niliandike hilo, kwa sababu ni kweli: walifurahi kama watu walioshushwa mzigo. Wakaanza kupanga nani ataagiza nini, na kama naan inafika laini au inafika ngumu. Mama Chebet akachagua kutoka sahani kubwa lile paja nono la kuku, akaliweka kwenye sahani yangu kwa mkono wake, kama anavyowekewa mgeni wa heshima. Nikala. Lilikuwa zuri. Nilikuwa mgeni wa heshima wa Mama Chebet, katika hoteli ya mtu mwingine, kwa kuku nitakayejilipia.

Mwishoni walituletea vile vimbegu vya rangi na sukari vya kusafisha kinywa. Dennis akamwomba Mwalimu maoni kuhusu huduma, na Mwalimu akamwambia huduma ni nzuri ila aongeze bidii. Tukateremka ngazi tukishikana mikono kwa ajili ya yale magoti, Mnandi, Mluhya na Wakikuyu wawili. Mtu mwenye kamera angetupiga picha akaipeleka kwa wafadhili.

Nimefika nyumbani nikiwa na uchungu wa kunitosha wiki. Nimeketi kwenye sebule niliyoipaka rangi, nimeangalia mapazia, nimejiambia: Mama Wambui, uliomba wale kwako, sasa watakuja kwako kula chakula cha watu wengine, na wewe kazi yako itakuwa kufungua mlango.

Lakini mwili ukipata chai unaanza kujadiliana. Nikafikiri: kwani mwenyeji ni sufuria peke yake? Pale hotelini unaletewa taulo la moto kwa koleo, unajipangusa, kila mtu na lake. Kwangu hakuna taulo. Kwangu nitashika jagi na beseni, nitapita kwa mmoja mmoja, nitamnawisha mikono. Nitamwagia Mama Chebet maji ya vuguvugu, naye atanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja juu, kama zamani. Maji hayaingii tumboni. Maji hayana risiti. Hakuna kijana wa Kipkenyo atakayemuuliza mama yake nani alimnawisha.

Na wakishanawa wamekaa kwangu. Wameketi kwenye viti vyangu, wameona rangi yangu, wametumia choo changu. Labda mwaka ujao, kura zikipita salama, chai ya rangi. Mwaka wa pili, kiazi. Mtu anaweza kurudi kwenye meza ya mwenzake polepole hivyo, kiazi kwa kiazi. Nimewahi kuona kuta zikijengwa polepole kuliko hapo.

Nilijikuta nafuta vumbi kwenye beseni. Nilijikuta hata naimba kidogo, mimi, niliyeingia mlangoni nikitaka kuwafunga wote kwenye gunia. Nimeamua: nitakubali hivyo hivyo. Ni aibu, lakini ni aibu yenye viti vinne.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kupanga mambo mapema, nimepiga simu hotelini jioni hii niweke oda ya mwezi ujao. Binti wa mapokezi ana sauti nzuri sana. Amenishukuru kwa kupiga, ameniuliza ni chakula cha watu wangapi, kikali au cha kiasi, na kipelekwe wapi. Nimemwambia. Ameniomba nisubiri kidogo, nikasikiliza muziki wao wa zumari.

Amerudi. Hawapeleki Langas.